Sura ya Tisa: Mahali Pasipoganda

Saa tatu kasoro robo asubuhi Inspekta Kobe alirudi kwenye nyumba ya marehemu fundi saa, na safari hii hakuja na daktari wala mtaalamu wa alama za vidole. Alikuja na fundi wa friza. Sajini, aliyeendesha gari kutoka kituoni bila kusema neno, alizima injini, akamtazama fundi akishusha mkoba wake wa spana, kisha akamgeukia bosi wake.

"Afande, mkuu akiuliza nimwambie tumekuja kuongeza gesi?"

Kobe alifungua mlango wa gari. Jina hilo alipewa na wenzake miaka ishirini iliyopita, kwa sababu ya mwendo wake na kwa sababu ya shingo, ambayo aliirudisha ndani ya kola kila alipofikiri. Asubuhi hiyo shingo ilikuwa ndani kabisa. Saa nane mchana mjane wa fundi saa angepelekwa mahakamani kusomewa shtaka la mauaji, na aliyemkamata ni Kobe mwenyewe, siku nne zilizopita, mbele ya waombolezaji, mama wa watu akiwa bado ameshika sinia la vikombe. Kila alipokumbuka vile vikombe vilivyokuwa vikigongana kwenye sinia, nafsi ilimsuta.

Kwenye karatasi kesi ilikuwa imekwisha. Mzee alikuwa na kisukari mwaka wa kumi na mbili sasa, akidungwa insulini asubuhi na jioni, na aliyemdunga ni mkewe. Alifia hospitalini, sukari imepanda kupita kiasi, na daktari akaandika kwamba hiyo ni hali ya mtu ambaye hajapata dawa kwa wiki kadhaa. Mke alisema alimdunga kila siku. Sindano zilizotumika zilikutwa kwenye kopo jikoni, mbili kwa kila siku, hakuna hata moja iliyopungua. Binti wa marehemu akasema basi alikuwa anamdunga maji. Mjane alipoulizwa tena kituoni, aliinamisha kichwa, akanyoosha mkono wa kulia juu ya meza na kusema, "Niandikeni mimi. Mkono uliomuua ni huu." Mkuu wa kituo alimpongeza Kobe kwa kazi ya haraka. Pongezi ya namna hiyo hakuwahi kuipata tangu aajiriwe, na ndiyo iliyomnyima usingizi.

Kisha jana jioni yakaja majibu ya maabara. Ndani ya vichupa hamkuwa na maji. Ilikuwa insulini halali, ila imeharibika, ina vipande vyeupe vinavyoelea kama maziwa yaliyokatika. Maabara ilisema huenda ni joto, huenda ni kitu kingine. Mkuu alisema haidhuru, mwenyewe amekwisha kukiri. Lakini Kobe alijiuliza swali dogo: anayetaka kumuua mgonjwa kwa kumnyima dawa ana haja gani ya kuiharibu? Si aache tu kumdunga. Alikuwa na saa tano za kujua dawa ile iliharibikia wapi, na alianza na joto, kwa kuwa ndilo lililoandikwa kwanza.

Mlango ulifunguliwa na binti. Alikuwa mtoto pekee wa marehemu, msimamizi wa ghala la vigae, mwanamke wa kupanga mambo. Hata msibani alikuwa amebandika karatasi kwenye kila ufunguo. Alimtazama fundi kuanzia viatu hadi kofia, akauliza friza inahusiana nini na muuaji ambaye tayari yuko ndani.

"Nataka kujua kama umeme ulikuwa unakatika," Kobe alisema. "Dawa ya mzee iliharibika."

"Yule mwanamke ndiye aliyeiharibu. Na usidhani nasema kwa chuki tu, afande. Mimi si mgeni wa sindano. Mama mkwe wangu ameanza kudungwa wiki iliyopita, na dawa zake nazitunza mwenyewe nyumbani kwangu. Najua kazi ilivyo. Kila kitu nilimpangia hapa, yeye kazi yake kuvuruga."

Alisema hivyo macho yakiwa makavu na mekundu. Jina la mama yake wa kambo hakulitaja. Tangu siku ya kwanza alimwita yule mwanamke, na Sajini alikuwa amechoka kuandika "yule mwanamke" kwenye maelezo.

Jikoni palikuwa safi. Upande wa dirisha lilisimama friji la zamani lenye mlango mmoja, na mlangoni mwake, kwenye rafu ya mayai, ndipo Kobe alipokuta boksi la insulini siku ya upekuzi. Kwenye ukuta wa pili ilikaa friza mpya ya kufunguliwa kwa juu, nyeupe, ndefu kama sanduku la bibi harusi. Binti aliinunua, ikaletwa siku kumi na tisa kabla ya kifo.

Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Gesi, alianza na friji. Alichomeka kipimajoto ndani ya kikombe cha maji yaliyokuwa yamelala humo, akakiweka mlangoni, akafunga. Wakati anasubiri alieleza, bila kuulizwa, kwamba ukipima hewa ya friji unajidanganya, maana hewa hukimbia ukifungua mlango. Maji hayana haraka. Baada ya dakika ishirini alikitoa. Nyuzi tano.

"Friji hili lina afya kuliko mimi," alisema. "Dawa haikuharibikia hapa."

"Labda umeme ulikatika, ukarudi," Kobe alisema.

Gesi alifungua friza, akainama, akacheka peke yake. Aliibuka na kikombe cha plastiki kilichojaa barafu. Juu ya barafu ilikaa sarafu moja.

Sajini alikohoa. Kikombe kile alikifahamu sana. Siku ya upekuzi binti alikuwa amewaonyesha kama ushahidi wa uchawi, na Sajini alikiandika kwenye orodha ya vielelezo kwa mwandiko mzuri: kikombe kimoja cha barafu chenye sarafu, kinashukiwa kuwa cha ushirikina. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kukipeleka kituoni kikiwa barafu, walikirudisha palepale.

"Nani kaweka hiki?" Gesi aliuliza.

"Yule mwanamke," binti alisema.

"Basi ana akili za kifundi. Unagandisha maji, unaweka sarafu juu. Ukisafiri, au ukalala, umeme ukakatika muda mrefu, barafu inayeyuka na sarafu inazama. Umeme ukirudi, maji yanaganda tena, lakini sarafu iko chini. Unajua kwamba nyama yako imelala nje, hata kama ni ngumu kama jiwe. Hii iko juu. Hapa umeme haujakatika kwa muda wa maana tangu siku ilipowekwa."

Sajini alitoa kalamu, akafuta neno ushirikina kwa mistari miwili. Kobe alipata faraja ndogo, kisha ikamtoka. Kama si friji wala si umeme, basi si joto, na mjane alibaki palepale alipokuwa. Binti alisema wakimaliza wafunge mlango, akaenda sebuleni kupokea wageni wa rambirambi.

Gesi aliendelea kuikagua friza kwa sababu alikuwa ameitwa kuikagua. Kidude cha kuzungushia baridi kilikuwa kwenye namba saba, ya mwisho. Alichukua kipande cha karatasi, akakibana kwa mfuniko, akakivuta. Hakikutoka. Akarudia pembe zote nne, na zote zilikaza. Kisha akapitisha kidole kwenye ukuta wa ndani, ambako barafu ilikuwa imeota unene wa nusu kidole.

"Hapa pana jambo," alisema. "Friza haina hata mwezi. Mpira wa mfuniko unabana vizuri. Barafu yote hii imetoka wapi?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Barafu ya ukutani ni hewa ya jikoni, afande. Kila ukifungua mfuniko, hewa yenye unyevu inaingia, inajishika ukutani. Kama mpira ni mzima, basi mtu alikuwa anafungua. Tena si mara moja moja. Kila siku, tena na tena." Alitazama vifurushi. Vyote vilikuwa na utepe mweupe ulioandikwa kwa wino mwekundu, herufi kubwa za binti: NYAMA JUMAPILI. SAMAKI. MBOGA WIKI YA PILI. "Na vyakula hivi havijaguswa. Nani hufungua friza kila siku asitoe kitu? Halafu kuna siku aliiacha wazi kabisa, ona hapa juu ilivyotiririka ikaganda tena. Mjinga gani huyo?"

Sajini alitazama dari. Kobe alisema polepole kwamba mjinga huyo ni yeye. Siku ya upekuzi alitafuta sumu ndani ya friza kwa nusu saa nzima, mfuniko ukiwa wazi, kisha akaitwa nje. Gesi alitikisa kichwa kwa huruma, akasema ana bahati hakuyeyusha kila kitu. Maneno hayo Gesi aliyasema hivi hivi tu, lakini dakika mbili baadaye Kobe aliyarudia moyoni kwa uzito mwingine.

Maana alipoinama kuona alipotiririsha, aliona jambo jingine. Kwenye ukuta wa kushoto, chini ya ukingo, palikuwa na mahali pasipo na barafu. Pembe nne zilizonyooka, upana wa kiganja. Kuzunguka pande zote barafu ilikuwa nene. Ndani ya zile pembe ukuta ulionekana, umefunikwa na utando mwembamba tu.

"Kitu kilikaa hapa," Kobe alisema.

"Kiliegemea ukutani tangu mwanzo, barafu ikaota kukizunguka," Gesi alisema. "Halafu kikang'olewa. Huo utando ni wa siku nne, tano."

Kobe alitoa rula. Alipima, akaandika, akamwambia Sajini alete kutoka kwenye gari mfuko wa kielelezo wenye boksi la insulini. Boksi lilikuwa limechanika ubavu mmoja, na yeye siku ile alidhani ni panya. Alilishusha ndani ya pengo bila kuligusa, ndani ya mfuko wake wa plastiki. Lilitulia pale kama mguu kwenye kiatu chake. Pembeni, katika barafu, palikuwa pamebaki kipande cha utepe mweupe chenye wino mwekundu. Kilisomeka: BA DAWA. Nusu nyingine ya utepe, yenye herufi BA peke yake, ilikuwa bado kwenye boksi: BABA DAWA.

Alipiga picha mara sita. Kisha akamuuliza Gesi, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, kama dawa ya kisukari ikigandishwa inakuwaje.

"Inakufa," Gesi alisema. "Mimi natengeneza majokofu ya zahanati. Wananiambia kila mara, fundi, angalia, chanjo fulani na insulini zisiguse barafu. Ikishaganda, hata uiyeyushe, imekwisha. Ni kama kudunga maji."

Kobe aliegemea sinki. Alikuwa amepata alichokitafuta na hakufurahi hata kidogo. Utepe ulikuwa wa binti, lakini utepe ungeweza kubandikwa boksi likiwa kwenye friji, na mwingine akalihamisha. Alimwomba Gesi abaki, asiguse kitu, asiongee na mtu. Gesi akauliza kama chai ni kitu.

Saa tano na robo mjane aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa mwembamba, wa miaka sitini hivi, na aliitikia salamu kwa adabu zote, akamuuliza Kobe habari za nyumbani kwake. Kobe alijibu nzuri, akaona haya. Aliweka mezani vitu vitatu: picha ya pengo kwenye barafu, daftari ambamo mjane aliandika sukari ya mumewe kila siku, na kadi ya zahanati.

"Mama, nani aliweka dawa kwenye friza?"

Mjane aliitazama ile picha. "Mimi."

"Lini?"

"Siku ilipoletwa. Jumanne asubuhi, ilipowashwa tu. Niliona ni mpya, nikaona itatunza vizuri zaidi."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ilikuwa fupi mno, maana hakuwa na mazoea. Kobe alimsogezea daftari. Mpaka Jumanne ile namba zilikuwa saba, nane, saba, nane. Jumatano jioni tisa. Alhamisi kumi na moja. Jumamosi kumi na nne. Siku ya kumi na mbili zahanati ilimwongezea dozi, namba zikaendelea kupanda kana kwamba hakuna aliyemdunga. Siku mbili za mwisho mashine haikutoa namba tena, ilitoa herufi tu, kwa kuwa sukari ilikuwa imepita kipimo chake. Kisha akamsogezea kadi. Jumanne hiyohiyo mzee alipelekwa kupimwa miguu na macho. Kadi ilipigwa muhuri wa kuingia saa moja na nusu asubuhi na wa kutoka saa kumi jioni, na jina la msindikizaji lilikuwa la mjane.

"Friza ililetwa saa nne asubuhi," Kobe alisema. "Nimempigia mwenye gari la mizigo. Wewe ulikuwa kwenye benchi la zahanati. Nyumbani alikuwepo mtu mmoja tu wa kuipokea."

Mjane alikunja ncha ya nguo yake, akaikunjua.

"Mama, akisomewa mtu shtaka la kuua, hasomewi la kukosea. Ukipanda pale saa nane, mimi sina uwezo tena."

Ndipo alipoanza kusema, chinichini, akiielekea meza. Jioni ile binti alipiga simu. Alisema dawa za baba ameziweka kwenye friza, humo ndimo mwenye baridi ya kweli, zisitolewe. Yeye alishangaa. Miaka kumi na mbili iliyopita nesi alimwambia, mlangoni mwa friji, usizidishe baridi. Alilijua hilo. Lakini mtoto kasoma, yeye hakusoma, na friza ni ya mtoto. Akaona haya kubisha. Basi kila asubuhi na kila jioni alifungua, akatoa kichupa, akakishika viganjani mpaka kikayeyuka, kama mtu anayempasha kifaranga joto, akadunga, akakirudisha. Vile vipande vyeupe aliviona wiki ya pili. Akatikisa chupa.

"Namba zilipopanda nikadhani mzee anakula vitamu kwa siri," alisema. "Nikamgombeza. Nikamfungia kabati. Akaniapia, nikamwambia muongo. Siku zake za mwisho, afande, nilimnunia mtu kwa kosa ambalo hakulifanya." Alipangusa meza kwa kiganja. "Siku aliyokufa, pale kwenye korido, nesi mmoja akaniuliza dawa nilikuwa natunza wapi. Nilipomwambia alifunga macho. Nikarudi nyumbani nikaling'oa lile boksi, nikalirudisha kwenye friji."

"Kumficha nani?"

"Nimemlea tangu ana miaka tisa. Hajawahi kuniita mama, lakini nimemlea. Alikuwa anampenda babake kuliko macho yake. Akijua, hatalala tena usingizi. Mimi ni mtu mzima, nimelala vya kutosha. Na sikusingiziwa. Niliambiwa na nesi, nikanyamaza. Mkono ni wangu. Niandike mimi, afande, umwache mtoto."

Kobe hakuahidi. Alitoka, akampigia mkuu. Mkuu alikuwa na maswali mafupi. Nani aliiweka dawa kwenye friza? Kobe ana maelezo ya mtu huyo yaliyotiwa sahihi? Hana? Basi mwenye kukiri yupo, na gari la mahakamani linaondoka saa saba na nusu. Kobe alibaki na simu mkononi. Akimwacha mama yule aende, atakuwa amemfunga mtu kwa kosa la haya. Akimtoa, itabidi amweke mtoto mbele ya friza yake mwenyewe na kumwambia alichofanya. Tangu aanze kazi hakuwahi kutamani kuwa polepole kama siku hiyo, na siku hiyo ndiyo iliyomkataza.

Saa sita na nusu walikuwa tena jikoni. Wageni walikuwa wamekwenda. Gesi alikuwa amekunywa chai mara tatu na, kwa kukosa la kufanya, alikuwa amekaza bawaba za kabati. Binti alisimama mlangoni, mikono kifuani, akauliza kama sasa wamemaliza kucheza na vyombo vyake.

Njiani Kobe alikuwa amepanga maswali saba. La kwanza lilikuwa jepesi, la kufungulia mlango tu. Alimuuliza kwa nini friza iko kwenye namba saba.

"Mimi niliiweka. Namba kubwa, baridi kubwa."

"Na dawa ya mzee? Siku ilipoletwa ilikuwa wapi?"

"Humo." Alionyesha kwa kidevu, bila kusita hata kidogo. Sajini aliacha kuandika. "Niliitoa kwenye lile friji bovu bovu, nikaiweka humo, nikaibandika jina. Afande, friza hii niliinunua kwa ajili ya baba. Nyama ni kisingizio. Nilitaka dawa yake ikae mahali pa uhakika. Nikampigia yule mwanamke simu nikamwambia asiitoe. Na nyinyi mlipokuja mliikuta wapi? Mlangoni mwa friji, kwenye joto, pamoja na mayai. Ndiyo maana nasema alikusudia."

Friza ilianza kuunguruma yenyewe kama ilivyo desturi yake. Kobe alikuwa na maswali sita yaliyobaki na hakuona hata moja la kuuliza. Gesi, ambaye hakujua mjane amesema nini kituoni, na ambaye alikuwa ameagizwa asiongee na mtu ila alidhani sasa ameruhusiwa, aliweka kikombe chini.

"Hapana, dada," alisema kwa upole. "Hiyo haigandishwi. Friji ndilo sawa, tena mlangoni. Ikiingia humu ikaganda, imekufa. Haina nguvu tena."

"Imekufa vipi?"

"Inabaki ukiitazama ni dawa, lakini haifanyi kazi. Ni kama kudunga maji."

Binti alimtazama. Kisha akamtazama Kobe, kwa uso wa mtu anayesubiri mkubwa amkanye mropokaji. Kobe hakumkanya. Alichukua picha ya lile pengo kutoka kwenye faili, akaiweka juu ya mfuniko wa friza, ikaonekana na ule utepe wenye wino mwekundu. Alisema, kwa sauti ndogo, kwamba mama aliijua hali hiyo siku mzee alipokufa, kwamba aliitoa dawa humo ili asijulikane aliyeiweka, na kwamba alimwomba yeye, Kobe, asije kumwambia binti. Alipomaliza aliona hata hayo ni mengi.

Alitarajia kilio. Alitarajia kubishiwa. Binti hakufanya lolote kati ya hayo. Alisoma herufi zake mwenyewe kwenye picha, midomo ikisogea. Halafu, kana kwamba mtu amemgusa bega, alishtuka, akapapasa mifuko, akatoa simu. Mara ya kwanza vidole vilikosea namba. Mara ya pili ikaita.

"Uko nyumbani?" alimuuliza mumewe. "Nenda kwenye friza. Nenda tu, nitakueleza. Upande wa kulia, kuna boksi nimeandika MAMA MKWE. Litoe. Hapana, usilirudishe popote, litupe. Amedungwa asubuhi?" Alisikiliza. Mkono mwingine ulishika ukingo wa sinki. "Tangu lini ana kiu? Usimdunge tena hiyo. Mchukue sasa hivi mwende zahanati akapimwe, uwaambie dawa yake iliganda. Waambie iligandishwa. Ni mimi. Sema mkweo... sema mkeo ndiye aliyeigandisha."

Alikata simu, akabaki ameishika kwa mikono miwili. Sajini alimvutia kiti. Hakukaa. Kobe alijua kwamba hayo maneno ya jikoni na ya simuni, yaliyosikiwa na watu watatu, yalikuwa maelezo kamili, na kwamba mkuu angeyapata kabla ya saa saba na nusu. Alimwambia Sajini aandike polepole, neno kwa neno, kisha ampe atie sahihi, na ampigie mkuu kuwa gari lisiondoke na yule mama.

Binti alitia sahihi bila kusoma. Kisha akageuka, akaenda kwenye kiti cha pembeni ya mlango, ambapo sweta la kijivu la mjane lilikuwa limetundikwa tangu siku ya msiba. Alilichukua, akalikunja mara moja, akalikunjua, akalikumbatia. Kwa siku nne hakuwa ameuliza hata swali moja kuhusu mwenye sweta hilo.

"Afande," alisema, "kule mlikomweka mama, kuna baridi?"

Kobe alifikiria sakafu ya saruji, na dirisha lisilo na kioo, na siku nne.

"Kuna," alisema.